Forest of Dean au South Downs: uipeleke wapi baiskeli yako ya milimani?

Ukiwa na baiskeli ya milimani na siku mbili za mapumziko kusini mwa England, kuna ardhi za aina mbili za kuendesha. Ya kwanza ni msitu: kivuli kizito, mizizi, kona zinazofuatana bila kukupa nafasi ya kupumua. Ya pili ni vilima vilivyo wazi: nyasi fupi, upepo, mashamba upande mmoja na bahari ikimetameta kwa mbali upande wa pili. Tumechukua mfano mmoja wa kila aina. Forest of Dean iko katika kaunti ya Gloucestershire, katikati ya mto Wye na mto Severn. South Downs Way ni njia ya kilomita 160 inayofuata mgongo wa vilima vya chaki kutoka Winchester hadi Eastbourne.

Jibu la mkato ni hili: kama mvua imenyesha ndani ya siku tatu zilizopita, nenda Dean. Kama ardhi ni kavu, nenda South Downs. Nguvu za miguu, uzoefu na aina ya baiskeli ni mambo ya kupimwa baada ya hapo.

Udongo ndio unaoamua

Chaki ni jiwe lenye vitundu vidogo vingi. Maji ya mvua huzama haraka, kwa hiyo kwenye South Downs madimbwi hukauka mapema kuliko sehemu nyingi za England. Hapo ndipo mgeni anapokosea: anaona njia haina maji, anadhani haitelezi. Chaki iliyokanyagwa na kwato, viatu na magurudumu miaka nenda miaka rudi hujenga ngozi nyeupe laini, na ngozi hiyo ikipata unyevu, hata umande wa asubuhi tu, huwa kama sabuni iliyoachwa ndani ya beseni. Tairi lenye meno makubwa halikuokoi, kwa sababu meno hayana cha kuuma.

Ndani ya chaki mna jiwe la gumegume. Likivunjika hutoa ukingo mkali kama wembe. Watu wa kale walilichimba kwenye vilima hivihivi ili watengeneze shoka. Leo kazi yake kubwa ni kupasua tairi. Tena upande wa magharibi, ndani ya Hampshire, vilele vingi vimefunikwa na tabaka la udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na gumegume. Msomaji aliyewahi kukwama kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika anaujua ndugu yake: hunata kwenye tairi, hujaa kati ya tairi na fremu, mwisho gurudumu linakataa kuzunguka na baiskeli inabebwa begani.

Dean ni kisa tofauti. Njia zake rasmi za baiskeli zimejengwa kwa mikono na mashine: kokoto zilizoshindiliwa, kona zilizoinuliwa ukingo, mifereji ya kutoa maji pembeni. Zinapitika mwezi wa Januari kama zinavyopitika Julai, na usumbufu wa mvua ni tope la kurukia mgongoni tu. Ukitoka kwenye njia hizo na kuingia zile za kushuka zilizochongwa moja kwa moja kwenye udongo wa msitu, hali inageuka. Jua halifiki chini, hivyo mizizi hubaki imelowa siku mbili tatu baada ya mvua kukatika, wakati kilima cha wazi kilikauka jana.

Unaruhusiwa kupita wapi

Jambo hili huwapotosha hata wenyeji. England haina ruhusa ya jumla ya kuendesha baiskeli porini. Scotland, kwa sheria ya mwaka 2003, inayo. Nchini England mwendesha baiskeli anaruhusiwa kwenye njia za farasi kwa sheria ya mwaka 1968, kwa sharti la kuwapisha watembea kwa miguu na wapanda farasi. Njia za miguu si zake. Hata sheria ya mwaka 2000 iliyofungua maeneo makubwa ya wazi kwa umma iliyafungua kwa waendao kwa miguu, si kwa baiskeli.

Alama za njiani zinasomeka kwa rangi. Mshale wa njano ni njia ya miguu: usiingie na baiskeli. Buluu ni njia ya farasi: ingia. Zambarau na nyekundu ni njia za kale za magari ya kukokotwa na njia zilizo wazi kwa vyombo vyote: ingia pia, ila kwenye nyekundu tegemea kukutana na pikipiki au gari. Kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, za kipimo cha 1:25,000, njia ya miguu huchorwa kwa vistari vifupi vya kijani na njia ya farasi kwa vistari virefu. Angalia vizuri kabla ya kupanga safari, kwa kuwa tofauti ya vistari hivyo ni tofauti ya kuwa na haki au kutokuwa nayo.

Kwenye South Downs Way kazi hii umekwisha kufanyiwa: njia nzima inapitika kwa baiskeli. Mahali pa kuwa macho zaidi ni kule mwisho. Baada ya Alfriston njia hugawanyika mara mbili. Tawi linalopita juu ya majabali meupe ya Seven Sisters, lile la kwenye picha zote, ni la miguu. Tawi la baiskeli linakata bara kupitia Jevington. Watu wengi hufuata picha badala ya mshale na kujikuta wakikokota baiskeli katikati ya umati wa watalii kando ya genge.

Ndani ya Dean msimamizi ni Forestry England, shirika la serikali la misitu, na utaratibu ni wa rangi za ugumu: kijani kwa familia, buluu kwa aliyezoea kidogo, nyekundu kwa mwenye ufundi, nyeusi kwa mtaalamu. Rangi hizi za ugumu zisichanganywe na zile za mishale ya haki ya kupita. Buluu ya msituni na buluu ya shambani ni lugha mbili.

Dean kwa undani

Kitovu ni bonde la Cannop, penye kituo cha baiskeli, maegesho, duka, mkahawa na baiskeli za kukodi. Kutoka hapo zinaanza njia zote.

Njia ya familia ni mzunguko wa takriban kilomita 17 kwenye matuta ya reli za zamani zilizokuwa zikibeba makaa ya mawe. Kwa kuwa ilikuwa reli, miinuko yake ni ya taratibu. Mtoto wa miaka minane mwenye baiskeli yenye gia ataimaliza akipewa vituo viwili vya kupumzika. Verderers ni ya buluu, takriban kilomita 11: upandaji mrefu wenye kona nyingi, kisha mteremko wa kona zilizoinuliwa unaomfundisha mtu kuendesha kuliko somo lolote la darasani. Anayeanza aizunguke mara mbili siku hiyohiyo. Mara ya kwanza asome, mara ya pili aache breki. Freeminers ni ya nyekundu, fupi, ina mizizi na mawe ya kweli. Na juu ya ukingo wa bonde kuna njia kadhaa za kushuka tu. Hizo ni za mwenye kofia ya kufunika uso, kinga za magoti, na mazoea ya kusimama pembeni na kuikagua njia kwa miguu kabla ya kuishuka.

Majina yenyewe yana historia. Verderers ni maofisa wa sheria ya msitu tangu enzi za wafalme wa kuwinda, na baraza lao bado hukutana Speech House, katikati ya msitu. Freeminers ni wachimbaji huru: mtu aliyezaliwa ndani ya eneo la kale la St Briavels, mwenye umri wa zaidi ya miaka 21, aliyefanya kazi mgodini mwaka mmoja na siku moja, ana haki ya kuchimba makaa humo. Sheria ya mwaka 1838 iliiandika haki hiyo na bado ipo.

Dean huitwa pia "msitu wa kale", na neno hilo England lina maana maalumu: ardhi iliyokuwa na miti mfululizo tangu mwaka 1600 au kabla. Haimaanishi kila mti una miaka mia nne. Mialoni mingi mikubwa ya Dean ilipandwa mwanzoni mwa karne ya 19, baada ya ile ya awali kukatwa kwa ajili ya meli za kivita. Ilipokomaa, meli zilikuwa zinajengwa kwa chuma. Kilicho cha kale ni udongo wenyewe, pamoja na mbegu, kuvu na vitunguu vya maua vilivyomo ndani yake. Ndiyo sababu katazo la kutoka nje ya njia si ubabe wa serikali. Mwishoni mwa Aprili na Mei sakafu ya msitu hufunikwa na maua ya bluebell. Majani yake yakipondwa na tairi, kitunguu kilicho chini kinakosa chakula cha mwaka unaofuata, na udongo ulioshindiliwa huchukua miaka mingi kulegea. Njia moja ya mkato ya wiki moja inaweza kuacha kovu ambalo mtoto wako atalikuta.

Kuna nguruwe mwitu pia. Kwa kawaida husikia baiskeli na kuondoka. Majira ya kuchipua, jike mwenye watoto ni habari nyingine: simama, iweke baiskeli kati yako na yeye, rudi nyuma taratibu, mwachie njia.

Tatizo la Dean lisilosemwa sana ni kufungwa kwa njia. Ugonjwa wa miti aina ya larch umelazimisha ukataji mkubwa, na mashine zikiingia, njia hufungwa kwa wiki kadhaa. Angalia tangazo la Forestry England jioni kabla ya kuondoka. Kizuizi ukikikuta, usikipite hata kama ni Jumapili na hakuna sauti ya msumeno, maana gogo lililopangwa vibaya juu ya mteremko linaporomoka bila kumsubiri mtu.

South Downs kwa undani

Umbali peke yake haukwambii kitu. Kinachochosha ni mito. Arun, Adur, Ouse na Cuckmere imekata ukanda wa vilima kutoka kaskazini kwenda baharini, na kila mto unakushusha karibu na usawa wa bahari kisha unakudai upande tena hadi mita 200 na kitu. Kilele cha Butser Hill kina mita 270, Ditchling Beacon mita 248, si milima. Lakini jumla ya kupanda, kutoka mwanzo hadi mwisho, inakaribia mita 4,000. Wenye nguvu sana huimaliza kwa siku moja ndefu ya Juni. Mtu wa kawaida mwenye afya ahesabu siku tatu, na aliyezoea ahesabu mbili akilala maeneo ya Amberley, takriban nusu ya njia. Kuna hosteli za YHA, shirika la hosteli za wasafiri, pale Truleigh Hill na karibu na Southease. Majira ya joto hujaa mapema.

Endesha kutoka magharibi kwenda mashariki. Upepo wa kawaida wa kusini mwa England hutoka kusini-magharibi, na juu ya kilima kisicho na mti wala ua, upepo wa usoni kwa saa sita ni sawa na mlima mwingine mzima.

Asiyetaka njia yote achukue kipande cha kati: shuka treni Amberley, endesha hadi Southease, panda treni kurudi. Ni kati ya kilomita 50 na 60, unapita Devil's Dyke na Ditchling Beacon, na vituo vyote viwili viko palepale njiani. Kwa siku moja hatujui kipande kinachotoa zaidi ya hiki.

Maji ndiyo hesabu ya pili. Mgongo wa vilima hauna vijito, kwa sababu chaki hunywa kila kitu. Kuna bomba chache njiani, mojawapo karibu na Botolphs kando ya mto Adur, ila kati yao ni mwendo mrefu. Beba lita mbili na nusu siku ya joto, na jaza kila bomba unalolikuta hata kama chupa ina nusu. Kivuli pia ni haba. Chaki nyeupe hurudisha jua usoni, hivyo miwani myeusi ni ya lazima. Msituni miwani hiyohiyo itakuangusha, maana unatoka kwenye mwanga na kuingia gizani kwa nusu sekunde. Huko vaa yenye kioo cheupe au cha njano.

Mageti ni mengi. Yaache kama ulivyoyakuta, yaliyofungwa yafungwe, yaliyo wazi yabaki wazi, kwani mfugaji ana sababu zake. Ng'ombe wenye ndama wazungukwe kwa mbali na kwa mwendo wa mguu. Farasi akionekana mbele, sema kitu kwa sauti ya kawaida ukiwa bado mbali, ili ajue wewe ni binadamu. Baiskeli inayomjia kimya kutoka nyuma yeye huiona kama mnyama anayemwinda. Subiri mpandaji akupe ishara, kisha pita kwa upana.

Baiskeli ile ile, matayarisho tofauti

Baiskeli yenye shokapu mbele tu inatosha South Downs, na kwa kweli ni bora huko: nyepesi kwenye miinuko minne mirefu ya mito. Dean ya buluu pia inaimudu. Shokapu ya nyuma huanza kulipa gharama yake kwenye nyekundu na kuendelea.

| | Dean (nyekundu na kushuka) | South Downs |
|---|---|---|
| Shokapu | milimita 130–150, mbele na nyuma | milimita 100–120, mbele tu inatosha |
| Tairi | inchi 2.4–2.5, meno marefu yenye nafasi | inchi 2.25–2.35, meno mafupi, ubavu ulioimarishwa |
| Upepo wa tairi (psi ni kipimo cha mgandamizo), mtu wa kilo 75, tairi lisilo na tyubu | mbele psi 20–22, nyuma 23–25 | mbele psi 23–25, nyuma 26–28 |
| Diski za breki (milimita) | 200 mbele, 180 nyuma | 180 mbele, 160 nyuma |
| Maji ya kubeba | lita 1 | lita 2.5 |

Kwa kila kilo tano zaidi ya 75, ongeza takriban psi moja. Ukitumia tyubu za kawaida ongeza tano au sita, la sivyo rimu itaibana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili sambamba kama aliyeng'atwa na nyoka. Sababu ya kuongeza upepo South Downs ni hiyohiyo: tairi laini hujikunja juu ya gumegume na kuuweka ubavu wake mbele ya wembe.

Gia: sahani ya mbele ya meno 32 na kaseti (rundo la gia za nyuma) ya meno 10–51 inatosha pande zote mbili. Ukibeba mizigo ya kulala njiani, badilisha iwe 30.

Nguzo ya siti inayoshuka kwa kubonyeza kitufe ni anasa South Downs na ni kifaa cha usalama Dean. Siti ikiwa juu kwenye mteremko wa mizizi, gurudumu la nyuma likirushwa linairusha siti, siti inakurusha wewe.

Pedi za breki ndizo wanazozisahau wengi. Pedi laini zenye utomvu ni kimya na hushika vizuri zikiwa baridi, lakini tope lenye mchanga huzisaga. Siku moja ya Desemba msituni inaweza kuzimaliza. Kwa miezi ya mvua weka zile za chuma kilichoshindiliwa na ubebe jozi ya akiba. Zikibaki na unene chini ya milimita moja, badilisha kabla ya safari, si baada yake.

Kinachoharibika, na la kufanya

South Downs, ni tairi. Weka majimaji ya kuziba, mililita 100 hadi 120 kwa tairi la inchi 29, na uyakague kila miezi mitatu kwa sababu hukauka. Ukisikia mlio wa upepo unatoka, usisimame kutazama tu. Zungusha gurudumu hadi tundu liwe chini kabisa ili majimaji yalifikie, subiri nusu dakika. Likiendelea kupiga kelele, ingiza utambi wa mpira kwa sindano yake, acha ncha mbili nje, jaza upepo. Mkato unaozidi milimita nane kwa kawaida hushinda utambi. Hapo toa valvu, pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote kutafuta vipande vya jiwe na miiba, bandika kipande cha tairi kuukuu upande wa ndani wa mkato, kisha weka tyubu. Ukiruka hatua ya kupapasa, mwiba uliouacha utaitoboa tyubu mpya kabla ya geti linalofuata.

Miiba ina msimu wake. Wakulima hukata nyua zao za vichaka kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari, na vijiti vyenye miiba hubaki vimetapakaa njiani. Vipande vya South Downs vinavyopita mabondeni katikati ya mashamba ndivyo vibaya zaidi.

Dean, ni mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha mnyororo kati ya gia. Kijiti kinaingia kwenye spoki, spoki zinakivuta, mkono unapinda au unavunjika. Ukisikia kijiti kinagonga, acha kukanyaga pedali papo hapo. Mzunguko mmoja zaidi ndio unaovunja. Beba kile kipande cha alumini kinachoshikilia mkono wa gia kwenye fremu, cha aina ileile ya fremu yako, maana kila fremu ina chake na duka la jirani huenda lisiwe nacho. Beba pia kifaa cha kukata mnyororo na kiungo cha haraka. Mkono ukivunjika kabisa, fupisha mnyororo upite moja kwa moja kwenye gia moja ya katikati, utafika kwenye gari.

Kuanguka nako kuna sababu zake mbili tofauti. Msituni watu huanguka kwa kushika breki ya mbele juu ya mzizi uliolowa, au kuuvuka mzizi kwa pembe ya mshazari. Uvuke ukiwa umenyooka, breki zimeachwa, mwendo ukiwa umeshapunguzwa mita tano kabla. South Downs watu huanguka kwenye mfereji uliochimbwa na magurudumu katikati ya chaki: gurudumu la mbele liko ndani, mwendeshaji anajaribu kutoka taratibu pembeni, ukingo unalinasa tairi, mwili unaendelea. Ukishaingia, baki ndani, tazama mbali hadi unapoishia, au simama kabisa na ubebe baiskeli nje. Chaki ikiwa na unyevu, punguza mwendo pale penye nyasi au kokoto, ukipita kwenye weupe usiguse breki wala usukani.

Kupe wako pande zote mbili, zaidi kwenye kangaga na nyasi ndefu, tangu majira ya kuchipua hadi vuli. Baadhi hubeba ugonjwa wa Lyme. Jikague jioni nyuma ya magoti, kinena na makwapa; mtoe kwa kindoano maalumu au kibano chembamba, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta juu bila kumponda. Wekundu unaotanuka kwa duara wiki moja hadi nne baadaye ni wa kumwonyesha daktari, hata kama hauumi.

Simu ya dharura ni 999 au 112. Mabondeni mtandao hukatika, ujumbe mfupi hupenya pale sauti inaposhindwa, lakini lazima uwe umejisajili kabla: tuma neno "register" kwenda 999 ukiwa nyumbani na ufuate maelekezo.

Kufika, na nani aende wapi

Kwa asiye na gari, South Downs inashinda waziwazi. Winchester, Amberley, Southease na Eastbourne zote zina treni. Epuka tu saa za asubuhi na jioni siku za kazi, ambapo treni za kuingia na kutoka London huzuia baiskeli zisizokunjika. Kwenda Dean, kituo cha karibu ni Lydney, na kutoka hapo ni takriban kilomita 10 za kupanda hadi Cannop. Inawezekana, lakini unafika umeshatumia miguu.

Ukiwa na watoto, au na rafiki ambaye hajawahi kupanda baiskeli ya milimani, chagua Dean bila kusita: mzunguko unaanzia na kuishia mahali pamoja, baiskeli zinakodishwa palepale, na anayechoka yuko karibu na chai. Vivyo hivyo kama lengo ni kujifunza ufundi, kwa kuwa kuirudia njia moja mara nne kwa siku ndiko kunakojenga mkono. South Downs humfaa mwenye pumzi ndefu anayependa kwenda kutoka mahali hadi mahali, mwenye subira ya kufungua mageti na kuzungumza na watu. Anayekwenda huko akitafuta msisimko wa kona atarudi amechoka na hajaridhika.

Desemba kuna takriban saa nane tu za mchana, na kipande cha Amberley hadi Southease kinazimaliza. Dean unaweza kuizunguka Verderers kwa saa moja na nusu na kuwa nyumbani kabla ya giza.

Wengine huuliza kuhusu New Forest. Ni msitu mzuri wenye njia nyingi za kokoto zilizowekwa alama, ila nje ya hizo baiskeli haziruhusiwi, na hakuna kona za kiufundi. Ni mahali pa matembezi ya taratibu. Surrey Hills, karibu na Leith Hill yenye mita 294, ni jambo la maana zaidi kwa anayeishi London. Udongo wake ni wa mchanga, unakauka haraka kuliko chaki na mfinyanzi, na ndiyo njia ya tatu pale mvua inapoharibu mpango wa South Downs na Dean iko mbali mno.

Kusafisha

Tope la chaki lioshwe kabla halijakauka. Likishakauka linakuwa kama plasta, na ukilikwangua linachukua rangi ya fremu. Tumia maji ya bomba ya kawaida na brashi. Pampu ya maji ya nguvu husukuma ungaunga wa chaki ndani ya beringi za magurudumu na za pedali, na baada ya mwezi utasikia zikisaga. Tope la Dean lina sababu ya pili ya kuoshwa palepale, kabla ya kupakia baiskeli kwenye gari: linabeba vijidudu vya magonjwa ya miti kutoka msitu mmoja kwenda mwingine, na tairi chafu ni usafiri mzuri kwao. Osha viatu pia. Kisha futa mnyororo kwa kitambaa kikavu, uzungushe, tia tone moja la mafuta kwenye kila kiungo na ufute yaliyozidi, usiku huohuo, kwa sababu asubuhi kutu itakuwa imeshaanza.